Mfuko, deli au jungu la umeme: uanze na kipi kupika bia kwa kimea chenyewe?

Shemeji yangu wa Sheffield amekuwa akipika bia ya kopo kwa karibu mwaka mzima. Unaijua ile: sharubati nzito ya kimea, unafungua kopo, unaimimina kwenye ndoo, unaongeza maji ya moto na hamira, unafunika, unasubiri. Wiki iliyopita alinipigia saa tatu usiku kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua ila anatafuta wa kumsukuma.

"Shemeji, nimeliona jungu la umeme. Lina pampu, lina saa, lina kila kitu. Wamepunguza bei. Nichukue?"

"Kwenu nani anaosha vyombo?" nikamwuliza.

Akacheka. Sikuwa natania. Ningefurahi kama mtu angeniuliza mimi swali hilo miaka sita iliyopita, kabla sijanunua vitu viwili ambavyo leo vimekaa stoo vinalea buibui. Hapa Manchester nimepika kwa mfuko, nimepika kwa deli, na ninalo jungu la umeme. Njia ya nne, ya vyungu vitatu, nimemsaidia rafiki mara mbili na kila mara nimerudi nyumbani nikiwa hoi. Zote hutoa bia nzuri. Ukinipa glasi nne siwezi kukuambia ipi imetoka wapi. Kinachotofautiana ni mgongo wako, Jumamosi yako na jiko lako.

Lakini kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi.

Mama yangu mdogo aliolewa Songea, na likizo moja nilimwona akipika togwa. Alikoroga uji wa mahindi hadi ukawa mzito kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe katikati ya chungu. Akauepua, akauacha upoe kidogo, kisha akanyunyiza unga wa kimea cha ulezi huku akikoroga. Nilikuwa natafuna muwa, na kabla sijaumaliza mwiko ule ulikuwa umelala ubavu. Uji umekuwa majimaji, na mtamu bila hata kijiko cha sukari. Nikamwuliza kwa nini hakutia kimea wakati uji unatokota ili amalize mapema. "Utakiua, mwanangu," akasema. "Uji utabaki uji."

Basi bia ya shayiri ni hiyo hiyo. Punje iliyooteshwa na kukaushwa ina wanga, na ndani yake mna vimeng'enya vya kuuvunja wanga huo uwe sukari. Unaiparaza, unailoweka kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi kwa saa moja, na wanga unageuka sukari. Ukiloweka chini zaidi, tuseme nyuzi 63, hamira itakuja kuila karibu sukari yote na bia itakuwa kavu, nyepesi mdomoni. Ukipanda kuelekea 70, itabaki sukari isiyoliwa na bia itakuwa nzito. Ukivuka 75 unaelekea kwenye kosa la kuua kimea. Baada ya saa hiyo unatenga maji matamu na machicha, unayachemsha saa moja pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, unayapoza haraka, unatia hamira. Yale maji matamu nitayaita togwa kuanzia hapa, kwa sababu ndivyo yalivyo.

Kwa hiyo vyombo vyote vinavyouzwa, vya bei rahisi na vya kutisha, vinatofautiana katika mambo mawili tu: vinatunzaje joto kwa saa moja, na vinatengaje togwa na machicha. Pampu, taa za buluu na simu ya mkononi inayoongea na jungu ni marembo.

Ili tusidanganyane, nitapitisha pishi moja katika kila chombo. Ni bia ya kawaida ya Kiingereza, lita 20: kilo 4.2 za kimea cha Maris Otter, shayiri ya Kiingereza, gramu 300 za kimea cha karameli, gramu 40 za hopsi za East Kent Goldings mwanzoni mwa kuchemsha na gramu 20 dakika kumi za mwisho, pakiti moja ya hamira kavu ya gramu 11. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo, itasoma kama 1.050 kabla ya hamira na karibu 1.012 ikishamaliza kazi, maana yake ulevi wa asilimia 5 hivi.

Mfuko

Njia hii ilienezwa na wapishi wa nyumbani wa Australia katika miaka ya 2000, na ni rahisi mpaka inatia shaka. Sufuria moja. Mfuko mkubwa wa kitambaa cha neti, laini kama pazia la dirisha. Unapasha maji yote ya siku nzima mara moja, unatandaza mfuko ndani ya sufuria, unamimina kimea, unakoroga hadi mabonge yaishe, unafunika, unavisha sufuria blanketi. Mimi natumia shuka la Kimasai, na sufuria ya lita 15 za maji hupoteza nyuzi mbili au tatu tu kwa saa nzima. Muda ukifika unainua mfuko, unauacha uchuruzike, unaukamua, na kilichobaki kwenye sufuria unakichemsha hapo hapo. Hakuna kuhamisha.

Pishi letu la lita 20 linataka maji kama lita 28, na kimea nacho kinachukua nafasi ya lita tatu hivi. Sufuria ya lita 35 inatosha kwa kubana pumzi. Maji uyapashe mpaka nyuzi 69 au 70 ili kimea cha baridi kikiingia joto litue kwenye 66. Sasa fika kwenye kuinua. Kilo nne na nusu zilizokunywa maji, zinazochuruzika, zenye joto la kuunguza, mbele ya kifua chako: ni kilo kumi au zaidi sekunde za mwanzo. Nimewahi kuufunga mfuko kwenye mpini wa ufagio uliolazwa juu ya migongo ya viti viwili. Ufagio ulivumilia. Kiti kimoja hakikuvumilia, na togwa ilifika mpaka chini ya friji.

Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: usianze na lita 20. Anza na lita 10. Kimea kilo 2.2, maji lita 15, sufuria ya lita 20 ambayo huenda unayo tayari kwa ajili ya pilau la watu wengi. Jiko la kawaida la nyumbani litaichemsha bila kulalamika, na mfuko unauinua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kifuniko. Pishi likiharibika umepoteza chupa 20, si 40.

Mambo mawili kuhusu mfuko huwa hayasemwi vya kutosha. La kwanza, ukiona joto limeshuka usiwashe moto mkali mfuko ukiwa umegusa kitako cha sufuria. Mimi niliwasha, nikaenda kufungua mlango wa mtu aliyeleta kifurushi, nikarudi nikakuta harufu ya kitambaa. Tundu la ukubwa wa sahani, na bia yenye ladha ya moshi ambayo niliinywa peke yangu. Weka kitu chini, hata waya wa kuchomea nyama ukiwa msafi. La pili ni kwa wale wa nyumbani wanaotaka kushona mfuko wao: chandarua chenye dawa kisiguse chakula. Kile cha msaada kilichokaa kabatini kina sumu ya mbu iliyopakwa ili idumu. Nunua neti ya pazia isiyo na dawa, ichemshe, kisha ishone.

Na utasikia watu wakionya kwamba kukamua mfuko kunaleta uchungu wa chai iliyolala. Nimekamua kwa nguvu zangu zote miaka yote hii. Uchungu huo unaletwa na maji ya moto kupita kiasi na yenye alkali nyingi, kama ya magadi, kupita kwenye maganda, si na mikono yako. Kamua.

Deli

Deli namaanisha lile sanduku la kutunza baridi wanalotembea nalo wauza barafu. Linalotunza baridi hutunza na moto, na humo ndimo uzuri wake ulipo: loweka kimea kwa nyuzi 66, funga kifuniko, nenda ukanywe chai, rudi baada ya saa moja ukute 65. Hakuna chombo kati ya hivi kinachoshinda deli kwa kutunza joto, jungu la umeme likiwa limezimwa.

Unatoboa upande wa chini, unafunga koki, na ndani unaunganisha bomba laini la waya wa chuma au kichujio cha kulala sakafuni ili togwa ipite na machicha yabaki. Kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye drili. Mimi nilitoboa tundu kubwa kuliko koki, na mpaka leo kuna pete mbili za mpira zinazoficha aibu hiyo.

Pishi letu ndani ya deli la lita 30 linakwenda hivi. Kwanza unalipasha deli lenyewe kwa birika mbili za maji ya moto na kuyamwaga, la sivyo plastiki itakunywa joto lako. Kisha lita 13.5 za maji ya nyuzi 73, kimea, koroga, funga. Saa moja baadaye unafungua koki polepole. Jagi mbili tatu za mwanzo zinatoka na vumbi la unga. Zirudishe juu taratibu mpaka togwa itoke safi. Unapata kama lita tisa, kwa sababu kila kilo ya kimea imeng'ang'ania karibu lita moja. Sasa unamimina lita 15 au 16 za maji ya nyuzi 80 hivi, unakoroga, unangoja dakika kumi, unafungua tena. Huko ndiko kuyasuuza machicha, na ndiko kunakokusanya sukari iliyobaki. Jumla lita 24 au 25, zikichemka saa moja zinabaki 21.

Umeona tatizo? Maji ya kusuuzia yanapashwa wapi wakati togwa ya kwanza inataka kwenda kwenye sufuria? Unahitaji ndoo ya kusubiria, au sufuria ya pili. Deli linauzwa kama chombo kimoja lakini linakuja na ukoo mzima: ndoo, jagi, sufuria, mipira. Jikoni kwangu kulikuwa na vitu saba vyenye kunata sakafuni kabla hata hopsi hazijafunguliwa.

Na siku moja litaziba. Langu liliziba siku nilipopika bia ya ngano nusu kwa nusu. Ngano haina maganda, na maganda ya shayiri ndiyo chujio lenyewe. Yakipungua, machicha yanakuwa ugali. Koki ilitoa tone, ikatoa tone, ikanyamaza. Nilipuliza kwa mdomo kupitia mpira kama mtu anayewasha jiko la kuni, mapovu yakapanda, ikatoka nusu kikombe, ikanyamaza tena. Saa mbili. Mwishowe nilichota kila kitu kwa bakuli na kukichuja kwenye foronya ya mto. Siku hizi nikipika ngano natandaza mfuko ndani ya deli, na habari imeisha. Kusema kweli mfuko ndani ya deli ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote: deli linatunza joto, mfuko unachuja, na hakuna mtu anayeinua kitu chochote kabla togwa haijatoka kwenye koki.

Jungu la umeme

Hili ndilo lililomtoa shemeji usingizini. Ni silinda ya chuma kisichoshika kutu, lita 30 au 35, kipasha-maji chini, pampu, kikapu cha chuma cha kimea ndani, na kidude cha kuweka joto na muda. Grainfather ya New Zealand na BrewZilla ya Australia ndizo zinazojulikana zaidi, na zina wadogo zao wengi. Hapa Uingereza bei huanzia paundi mia mbili na kitu na kupanda hadi mia saba na zaidi, kutegemea marembo.

Nitalisifu kwa haki yake. Naweza kutia maji Ijumaa usiku, nikaweka saa, nikaamka maji yako kwenye nyuzi 69 yananisubiri. Pampu inazungusha togwa juu ya kimea saa nzima na joto halishuki. Kikapu kina vishikio vya kukalia juu ya ukingo, kwa hiyo unainua mara moja, unazungusha, kinatulia na kuchuruzika chenyewe huku unasuuzia lita chache. Unaweza kupandisha joto kwa ngazi, kitu ambacho kwa deli ni hesabu za kumwaga birika. Kwa mtu anayepika kila wiki mbili, mwenye watoto wanaotaka kupelekwa mpirani katikati ya pishi, sijaona linaloshinda hili.

Halafu sasa. Kipasha-maji cha kilowati 2.4 kinachukua kama dakika 40 kupandisha lita 28 kutoka nyuzi 15 hadi 66, na karibu nusu saa nyingine kufika kuchemka. Hapo ni kwa umeme wa volti 230. Jamaa zetu walio Marekani, wenye plagi ya volti 120, wanapata kilowati moja na nusu hivi, na wanaweza kwenda sokoni na kurudi wakisubiri mchemko. Wakinunua, waulize toleo la volti 240 na fundi wa kuwawekea soketi yake, au wapike nusu ya ujazo.

Unga wa kimea ukipenya kikapu unatua juu ya kipasha-maji na kuungua. Jungu linajizima lenyewe kwa usalama, nawe umesimama na lita 26 za togwa ya uvuguvugu unatafuta kitufe kilichofichwa chini yake. Kitufe kiko chini kabisa. Chini ya jungu lililojaa. Lilinipata hilo pishi la tatu, na nilijifunza kukoroga sakafu ya jungu kwa mwiko mrefu kabla ya kuchemsha na kutoparaza kimea mno.

Na ndipo tunarudi kwenye vyombo. Mfuko unageuzwa nje, unakung'utwa, unatiwa kwenye mashine ya kufulia bila sabuni. Jungu linataka dawa, maji ya moto, kuzungushwa kwa pampu dakika ishirini, kusuuzwa, kufuta kipasha-maji, kufungua mipira. Ukiahirisha mpaka Jumapili, togwa iliyobaki ndani ya pampu inaanza kuchacha bila kukuomba ruhusa, na pishi linalofuata litakueleza. Kosa dogo la ubao wa umeme nalo linalaza mradi mzima. Sufuria haijawahi kuhitaji programu mpya.

Vyungu vitatu

Kimoja cha maji ya moto, kimoja cha kimea, kimoja cha kuchemshia, na maji yanadondoka juu ya machicha kwa saa nzima kama mvua ya masika huku togwa ikitoka chini kwa kasi ile ile. Ndiyo njia ya viwanda, na ndiyo inayokamua sukari nyingi zaidi. Kama una gereji, unapika lita 50 na unapenda mabomba kuliko bia, karibu. Anayeanza aipite.

Kuhusu ile asilimia wanayobishania

Watu watakutolea hesabu za uvunaji: kati ya sukari yote iliyomo kwenye kimea, kiasi gani kimefika kwenye sufuria. Mfuko asilimia 70 hivi, deli 75, vyungu vitatu 80 na kitu, jungu popote katikati. Kiwandani tofauti hiyo ni mishahara ya watu. Nyumbani, kutoka 75 kushuka 70 kunafidiwa na gramu 300 za kimea, ambazo hapa hazifikii thamani ya paundi moja. Mtu akianza mazungumzo na asilimia yake, mwulize bia yake ikoje.

Kinachobadilisha asilimia hiyo zaidi ya chombo ni jinsi kimea kilivyoparazwa. Punje ipasuke, ganda libaki karibu zima, ndani isiwe na kokwa ngumu. Kwa mfuko unaweza kuparaza laini zaidi, maana kitambaa hakizibi kirahisi. Kwa deli na jungu acha ukubwa wa kawaida wa dukani. Wauzaji wengi wa kimea huparaza bure au kwa senti chache, kwa hiyo mashine ya kuparazia haina haraka.

Hapa mfuko una faida ambayo wazungu hawaisemi kwa sababu haiwahusu. Ukitaka kutia kimea cha ulezi au cha mtama, mambo ya nyumbani, deli na kikapu vitakushinda. Ulezi ni mdogo kama mchanga na hauna ganda la kuchujia. Unapita kwenye matundu au unaziba koki. Mfuko wa neti laini unaubeba. Mimi hutia gramu 300 za kimea cha ulezi kwenye lita 10, na bia inapata harufu ile ya mso, kimea cha mbege, ambayo kila Mchagga aliyeionja amenyamaza kwanza kabla ya kusema kitu.

Pesa iende wapi badala yake

Mfuko haukunigharimu hata paundi kumi na tano. Deli lenye koki na viunganishi lilifika kama sitini. Jungu, nimeshasema. Sasa chukua tofauti kati ya mfuko na jungu, uitumie kwenye vitu ambavyo ulimi unavitambua.

Kipimajoto cha kuaminika kwanza. Kile changu cha kwanza kilidanganya kwa nyuzi nne, na kwa miezi nililaumu hamira. Kitie kwenye barafu inayoyeyuka kisome sifuri, na kwenye maji yanayochemka kisome karibu 100.

Koili ya shaba ya kupozea ni ya pili. Lita 10 unaweza kuzipoza kwenye sinki lenye barafu. Lita 20 kwenye sinki ni nusu siku.

Cha tatu, na hiki ningekiweka juu ya vyote, ni namna ya kutawala joto la ndoo wakati hamira inafanya kazi. Hamira za bia za Kiingereza zinataka nyuzi 18 hadi 20, na ndoo inayochacha hujipasha yenyewe nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba. Friji ya mtumba na kidude cha kuiwasha na kuizima kwa joto unalotaka vitaiboresha bia yako kuliko pampu yoyote. Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba kina nyuzi 30 saa tano ya usiku, kuna njia ya mkato: kveik, hamira za mashambani za Norway, zinazofurahia nyuzi 30 hadi 40 na kumaliza kazi kwa siku chache. Ajabu ya dunia, hamira ya nchi ya theluji ndiyo inayolifaa joto la pwani.

Maji yanataka neno moja. Ya Manchester yanatoka maziwa ya Thirlmere na Haweswater, ni laini, yanapokea karibu kila aina ya bia. Ya London yana chokaa nyingi. Bia nyeusi huyapenda, nyeupe hainyooki. Popote ulipo, maji ya bomba yenye klorini yakikutana na kimea na hamira huacha ladha ya plasta ya kidonda. Robo ya kidonge cha metabisulfiti kwa ndoo ya lita 20 huimaliza hiyo klorini ndani ya dakika chache.

Na mvuke. Pishi la lita 20 linatupa lita tatu au nne za maji hewani ndani ya jikoni yako. Kwenye nyumba ya kupanga yenye madirisha ya kufungwa kwa ajili ya baridi, dari itaanza kuota ukungu na mwenye nyumba ataanza kuuliza maswali. Ni sababu nyingine ya lita 10. Moto wa gesi ya mtungi uwe nje kabisa, si gereji iliyofungwa: ile hewa yenye sumu haina harufu.

Kisheria hakuna shida kubwa: Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963, na Marekani sheria yake ya 1978 inaruhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757. Ni ya kunywa na kugawia wageni, si ya kuuza.

Basi nani achukue nini

Ukiwa kwenye fleti, una jiko la kawaida, na hujui bado kama utaipenda kazi hii: mfuko, lita 10. Sina mjadala hapo. Hata ukihama baadaye, sufuria inabaki sufuria na mfuko unahamia ndani ya deli.

Ukiwa umepika kwa mfuko mara tano sita, unataka lita 20, una jiko la gesi la nje au kipasha-maji cha sufuria, na mgongo umeanza kukujibu: deli lenye mfuko ndani. Mwenye maumivu ya kiuno asisubiri pishi la tano.

Jungu nalipendekeza kwa mtu mmoja tu: anayepika mara mbili kwa mwezi tayari, mwenye soketi karibu na sinki, na ambaye ndiye anayeosha vyombo kwao. Akiwa na sifa mbili kati ya tatu, asubiri. Majungu yanauzwa mengi ya mtumba, yakiwa yametumika mara tatu, na hilo linasema kitu kuhusu walioyanunua kwa pishi la kwanza.

Nilimweleza shemeji haya kwa simu, kwa ufupi zaidi na kwa kelele zaidi. Akanyamaza. Kisha nikasikia sauti ya dada yangu nyuma yake ikiuliza, "Na hilo jungu litaoshwa na nani?"

Ameagiza mfuko. Sufuria anayo, ile ya lita 21 waliyopikia pilau la ubatizo. Jumamosi nakwenda Sheffield na koili na kipimajoto changu. Tunaanza saa nne asubuhi, na machicha dada ameshayaahidi kwa jirani mwenye kuku.